Chupa za Ndege Chozi

Kalama,
11 Mei 2025

Kamene,

Kwanza namwandikia mwalimu anayefungua barua za wasichana kabla hazijawafikia. Mwalimu, naitwa Wesley Musili, niko kidato cha tatu katika shule ya kutwa, na kaka yangu Henry anamposa dada yake Kamene. Barua hii ni ya ndege. Hakuna kingine ndani yake.

Sasa nakuandikia wewe. Mwezi wa kwanza, watu wetu walipokuja kwenu Matuu kujijulisha, mimi na wewe tulikaa nyuma ya tangi la maji kwa sababu hatukuwa na la kuwaambia wakubwa. Ulisema chama chenu cha wanyamapori kinatafuta picha ya ndege chozi ya kubandika ukutani, iliyopigwa karibu hata manyoya yaonekane moja moja. Nikasema nitajaribu. Pengine umesahau. Mimi sikusahau, maana siahidi watu vitu mara nyingi.

Henry ameninunulia kamera iliyotumika, kutoka kwa mtu anayefanya naye kazi kiwandani Athi River. Ua wa nyuma ya nyumba yetu una mishubiri aliyoipanda marehemu susu, nyanya yetu, na chozi huja hapo kila asubuhi. Wakiniona huondoka. Kwa hivyo nimetoboa tundu kwenye bafu letu la mabati na napigia picha humo ndani. Juzi Babu aligonga.

"Wesley, unaoga tangu saa moja. Umejipaka lami?"

"Napiga picha, Babu."

"Bafuni?"

Akaenda zake. Jioni nilimsikia akimwuliza Henry kwa simu kama siku hizi shule ina mtihani wa namna hiyo.

Picha zote zimetoka na ndege mdogo kama tone la wino. Lakini katika maktaba yetu kuna kitabu cha msaada kutoka Marekani, kinachofundisha kupiga picha ndege mvumaji ukiwa nyumbani kwako. Ndege mvumaji hayuko Afrika, hilo nalijua, ila naye huishi kwa maji matamu ya maua kama chozi wetu. Kitabu kinasema uchemshe maji na sukari, utie rangi nyekundu, uning'inize chupa na usubiri. Sukari ipo. Henry hututumia kila mwezi, na Babu hanywi chai tamu tangu daktari amkataze. Rangi nimeipata dukani, ile ya kutia kwenye keki. Nitaanza Jumamosi.

Kwa heshima,
Wesley

*

Shuleni, Yatta,
20 Mei 2025

Wesley,

Mwalimu amesoma barua yako. Aliniita ofisini na kuniuliza, "Huyu Wesley ni wa kanisa gani?" Nikasema Katoliki. Akasema, "Anaonekana," akanipa barua. Sijui alimaanisha nini, ila sasa unaweza kuandika bila woga.

Sikusahau picha. Chama chetu kina watu saba, na wanne kati yao walijiunga kwa sababu siku ya mikutano hawapigi deki. Ukuta wetu una ramani ya mbuga na picha ya kifaru iliyokatwa kwenye kalenda. Ukituletea chozi tutakuwa na kitu ambacho mtu anaweza kukiona kwao akitoka mlangoni.

Kuhusu rangi sina uhakika. Maua ya mshubiri tayari ni mekundu, kwa nini umwongezee ndege wekundu mwingine? Lakini sijawahi kupiga picha ya ndege, kwa hivyo fuata kitabu chako, uniandikie kilichotokea.

Nzilani alikuja siku ya kutembelewa. Alifunga duka la cherehani siku nzima. Tangu mama yetu afariki, nikiwa darasa la pili, yeye ndiye huweka sahihi kwenye ripoti yangu mahali pa mzazi. Wasichana wanasema nina bahati, kwamba sasa nitapata kaka. Sijajua bado kaka hufanya kazi gani ambayo dada haifanyi.

Wako,
Kamene

*

Kalama,
3 Juni 2025

Kamene,

Imefaulu. Naambatisha picha moja, iliyosafishwa studio ya mjini. Ni dume. Kifua chake ni kijani kinachogeuka zambarau akigeuza shingo, na tumbo ni la manjano. Mabawa hayaonekani, ni kama moshi, kwa sababu kamera yangu haifungi upesi kumshinda. Kitu chekundu pembeni ni chupa yangu.

Nilianza na chupa mbili, sasa ziko sita. Nazijaza kabla ya kwenda shule na nikirudi ni tupu. Sidhani ni chozi peke yao, kwa maana nyuki ni wengi kuliko ndege. Wanajaa kwenye mdomo wa chupa mpaka chozi anakaa kwenye waya akingoja zamu. Nimempiga picha nyuki mmoja kwa karibu, jua likiwa nyuma yake, na tumbo lake limeng'aa jekundu kama taa ya nyuma ya gari. Mvua imekwisha na maua ni machache, kwa hivyo siwafukuzi.

Ni nyuki wa Babu. Mizinga yake miwili ya gogo iko juu ya mgunga, nyuma ya ua. Wiki ijayo atarina, maana tarehe ishirini na moja wanakuja kwenu na mbuzi na asali. Yeye hachuji asali. Huipeleka ikiwa ndani ya masega. Macho yake yameingia mtoto wa jicho na haoni vizuri, ila anasema kwa mikono anajua mzinga kuliko daktari anavyojua tumbo. Mimi sitakuja, nina mtihani.

Kwa heshima,
Wesley

*

Matuu,
24 Juni 2025

Kamene, mwana wa mwaitu, mama yetu,

Nilitaka kungoja mfunge shule nikuambie kwa mdomo, lakini kuna watu wa soko wenye watoto hapo kwenu. Heri usikie kwangu.

Watu wa Henry walikuja Jumamosi. Mbuzi watatu, mablanketi, na asali. Asali aliibeba babu yao, Mzee Bartholomew mwenyewe, kwenye chombo cha mti chenye kifuniko cha ngozi. Hakukubali hata Henry amshikie. Akaiweka mbele ya Susu Syombua, akasema, "Mama, mimi sichuji. Asali ya kuchuja mtu anaweza kuichanganya na chochote. Sega ni kama mtoto mdogo, halijui kudanganya." Watu wakacheka. Susu akafungua.

Kamene, ilikuwa nyekundu. Si yote. Katikati ilikuwa asali ya kawaida, lakini pembeni kuna vijumba vilikuwa vyekundu kabisa, kama mtu ametia damu kwa kijiko. Susu aliangalia tu. Mzee naye anatabasamu, anangoja asifiwe, maana haoni. Mjomba Nzau ndiye aliuliza.

"Mzee, hii ni nini?"

"Ni asali."

"Mbona iko na damu?"

Mzee akachovya kidole akaonja. "Ni tamu," akasema.

"Hata damu si chungu," Susu akamjibu, akafunika.

Akageuza uso, asimwambie Mzee neno lingine. Mzee akamwinamia Henry, akamwuliza polepole, lakini sote tukasikia, "Ni kweli ni nyekundu?" Henry akasema, "Ni kweli, Babu." "Basi," Mzee akasema. Akachukua chombo chake. Mbuzi wakarudishwa kwenye gari. Chakula kilibaki sufuriani, tukagawia majirani.

Susu anasema asali haitoki damu ila kwa mikono iliyomwaga damu, na hataki kusikia habari ya harusi mpaka ajue ni damu ya nani. Inaweza kuwa mwaka ujao, inaweza kuwa haitakuwa. Henry anapiga simu kila siku. Namwambia tungoje. Tungoje nini, sijui. Nimekaa nikamaliza sare za kwaya, zote, na zilikuwa za mwezi ujao.

Wewe soma. Haya si yako.

Dada yako,
Nzilani

*

Shuleni, Yatta,
1 Julai 2025

Dada Nzilani,

Nimesoma barua yako mara mbili kabla ya kujibu. Pole sana. Mimi sijui asali inawezaje kuwa nyekundu. Hata hapa, katika vitabu tulivyo navyo, sijaona jambo kama hilo. Labda Susu ana sababu zake, yeye ameona mengi kutuzidi.

Kama ni kungoja, kungoja si kubaya. Nimebakisha mwaka mmoja na nusu hapa. Ukikaa nyumbani mpaka nimalize, hakuna atakayekufa. Na Henry, kama ni mtu mzuri, atakuwa bado mtu mzuri wakati huo.

Usimpokee simu kila siku. Utachoka na kazi itakushinda. Hesabu nimepata alama nzuri, utaziona kwenye ripoti. Mahali pa sahihi pako pale pale.

Mdogo wako,
Kamene

*

Shuleni, Yatta,
1 Julai 2025

Wesley,

Picha yako iko ukutani, juu ya kifaru. Watu huingia kuitazama hata wasio wa chama. Mwalimu wa Biolojia aliuliza ilipigwa mbuga gani, nikasema bafuni. Hakuamini.

Kuna jambo moja. Ondoa rangi. Nimesoma kwamba rangi ya keki inaweza kudhuru figo za ndege wadogo. Mwaga iliyobaki, osha chupa vizuri, na kama pakiti bado ipo, itupe chooni. Maji ya sukari matupu yatatosha, chozi wameshazoea mahali.

Usimsumbue babu yako kwa habari hii. Ni mambo ya ndege tu.

Wako,
Kamene

*

Kalama,
9 Julai 2025

Kamene,

Nimefanya ulivyosema siku ile ile barua ilipofika. Niliona aibu kwa sababu ya figo zao. Ungedhani mtu anayesoma vitabu vingi angesoma na kitabu cha pili kabla ya kutenda. Asante.

Hapa nyumbani kuna jambo ambalo silielewi, na sina mwingine wa kumwuliza. Tangu watoke kwenu, Babu hasemi. Ameshusha mizinga yote miwili. Imelala chini kando ya banda la mbuzi, masega ameyatoa na kuyatupa nyuma ya jalala, na midomo ya mizinga ameiziba kwa nyasi. Nyuki walikaa kwenye tawi kwa siku chache, kisha wakaenda. Kamba zake za kurinia amempa jirani. Haendi tena kusali na jumuiya. Akiletewa chakula anakula vijiko viwili na kusema ameshiba.

Jumapili aliniita nje kwenye mwanga.

"Angalia mikono yangu. Unaona nini?"

"Mikono, Babu."

"Angalia vizuri."

Niliangalia. Ina makovu ya nyuki na kucha moja nyeusi. Nikamwambia hivyo. Akasema, "Basi wewe pia huoni," akarudi ndani.

Henry alikuja wikendi. Nilipomwuliza kama posa imekwama kwa ajili ya mbuzi, alisema, "Wewe soma." Je, wewe unajua kilichotokea? Nisingeuliza kama hali ingekuwa nyingine.

Kwa heshima,
Wesley

*

Shuleni, Yatta,
15 Julai 2025

Wesley,

Sijui. Sisi wa shule ndio wa mwisho kuambiwa. Pengine ni mbuzi kama ulivyosema. Watu wa kwetu ni wagumu kwa mbuzi.

Mitihani imekaribia, kwa hivyo sitaandika sana, na wewe usijisumbue kuandika.

Babu yako anakula?

Kamene

*

Kalama,
20 Julai 2025

Kamene,

Umesema nisijisumbue, lakini hii lazima uijue.

Jana chozi jike alikuwa akizunguka nyuma ya jalala, akichukua utando wa buibui wa kujengea kiota. Nikamfuata na kamera. Alitua kwenye sega moja kati ya yale yaliyotupwa. Nilipiga picha tatu. Baadaye nikaikuza moja kwenye kioo cha kamera ili nione kama macho yametoka vizuri, na nikaona, nyuma ya miguu yake, vijumba vya sega vilivyokuwa vyekundu. Niliujua wekundu ule. Nilikuwa nimeuchemsha mwenyewe kwa wiki saba.

Nikachukua sega, nikatafuta ile picha ya nyuki mwenye tumbo jekundu, nikamwendea Babu. Sikujua bado kwamba ndilo jambo lenyewe. Nilidhani namwonyesha kitu cha ajabu tu. Nikasema, "Babu, nyuki wako wameweka rangi yangu ya keki kwenye asali."

Akalipapasa sega kwa vidole.

"Rangi ya nini?"

"Ya keki. Niliitia kwenye maji ya chozi. Kitabu kilisema."

"Ni nyekundu?"

"Nyekundu sana."

Alishika kichwa. Nikafikiri analia, kumbe anacheka, kicheko kibaya kisichotoka vizuri. "Nimekonda mwezi mzima kwa sababu ya keki," akasema. Ndipo akanieleza yote yaliyotokea kwenu: kifuniko, Susu yako, damu. Alisema aliporudi alikaa akihesabu watu aliowakosea maishani mwake, na akawapata. Alikuwa ameshaanza kuwaomba msamaha mmoja mmoja. Mmoja alikuwa hata hakumbuki.

Jumamosi tutakuja Matuu. Yeye ataleta sega, nami nitaleta chupa na pakiti mpya ya rangi, niichanganye mbele yao. Nitalazimika kusema mbele ya watu wazima. Nimeyapanga maneno na nayarudia nikienda kuteka maji.

Nakushukuru sana kwa kuniambia niondoe rangi mapema. Kama si wewe, ningeendelea mpaka leo.

Anakula. Uliuliza.

Wesley

*

Matuu,
28 Julai 2025

Kamene,

Walikuja. Henry, Mzee, na huyo Wesley wako, aliyevaa sare ya shule Jumamosi. Alisimama katikati ya sebule na chupa ya soda mkononi, akaanza, "Mheshimiwa Susu." Mjomba Nzau akasema, "Kijana, hapa si bungeni, keti." Akasema hapana, akiketi atasahau.

Akaeleza. Akachanganya sukari na maji na ile rangi, mbele yetu. Akaonyesha picha ya nyuki. Susu akavaa miwani, akaangalia picha, akaangalia sega, akaangalia chupa. Kisha akasema, "Kunywa."

"Mimi, Susu?"

"Ni nani mwingine aliyepika?"

Kijana akanywa chupa yote bila kupumzika. Susu akamwambia, "Toa ulimi." Ulikuwa mwekundu kama wa kondoo aliyechinjwa. Hapo Mjomba alicheka mpaka akatoka nje. Nikacheka pia. Nilikuwa sijacheka tangu Juni.

Susu akamgeukia Mzee. "Nimekuita mtu wa damu, na ni keki."

Mzee akasema, "Hukuniita chochote, mama. Ulinyamaza tu. Kunyamaza ndiko kulinimaliza."

Susu aliinuka, akampikia chai mwenyewe. Miaka mingapi sijamwona Susu akishika sufuria kwa ajili ya mgeni? Harusi ni Desemba. Mbuzi wanarudi wiki ijayo, na Susu amesema asali safari hii si lazima, lakini wakiwa nayo hatakataa.

Sasa nisikilize. Wesley alipokuwa akieleza alisema, "Hata Kamene anajua habari za rangi, nilimwandikia tangu Mei, na ndiye aliyeniambia niiondoe." Alisema kwa kukusifu. Susu akaniangalia. "Kamene alijua? Na wewe si ulimwandikia habari za asali?" Nikasema barua za shule huchelewa, nyingine hazifiki kabisa. Susu akakubali. Wesley alinitazama, kisha akaanza kufunga pakiti yake.

Barua zangu kwako hufika kwa siku mbili. Ulinijibu tarehe moja.

Sitakuuliza kwa nini, ninajua. Ulipokuwa darasa la pili ulikuwa ukinificha kiatu kimoja asubuhi ili nisiende sokoni. Nilikuwa nakiona chini ya godoro, na nilikuwa naenda na patipati za kuogea. Sikukuchapa wakati ule na sitakuchapa sasa. Lakini kiatu kilikuwa changu. Hii ilikuwa mikono ya mzee wa watu, ametuambia aliitafuta damu mwezi mzima.

Nikiolewa nitakaa Mavoko, karibu na kiwanda cha Henry, chumba na sebule. Kitanda chako kinaingia upande wa dirisha, nimekwenda kupima kwa utepe wa dukani. Nilipima mwezi wa pili, kabla ya haya yote. Ningekuambia kama ungeniuliza.

Nimedanganya kwa ajili yako mara moja. Haitakuwa mara mbili. Kilichobaki ni chako. Ijumaa nitakuja kukuchukua.

Nzilani

*

Shuleni, Yatta,
30 Julai 2025

Wesley,

Dada yangu aliwaambia kwamba barua huchelewa. Haikuchelewa. Nilipata habari ya asali mwezi wa Juni, na barua yako ya nyuki ilikuwa ndani ya Biblia yangu. Nilizisoma zote mbili siku moja. Nilijua kabla ya kumaliza ukurasa.

Sijawahi kusoma chochote kuhusu figo za ndege. Niliandika vile ili rangi iishe nyumbani kwenu na pakiti isionekane. Uliponiuliza kama najua, nilisema sijui. Nilitaka dada yangu asiondoke. Sikumfikiria babu yako mpaka uliponiandikia habari za mikono yake, na hata baada ya hapo nilinyamaza.

Hujawahi kuniandikia jambo ambalo si kweli. Hata la bafu ulilisema.

Mwalimu atasoma barua hii. Na asome. Naomba umsomee babu yako yote, usiruke mahali. Kama hatataka nije kwenye harusi nitaelewa, na nitamweleza Nzilani mwenyewe.

Kamene

*

Kalama,
8 Agosti 2025

Kamene,

Nampa Henry barua hii akuletee Matuu, kwa kuwa mmefunga shule.

Yako ilifika jana. Niliisoma peke yangu kwanza, nikaenda uani, nikakaa. Sikupiga picha. Sitakuambia kwamba haikuniuma, kwa sababu umesema hujapata kwangu jambo lisilo kweli.

Jioni nilimsomea Babu. Sikuruka mahali. Nilipofika kwenye figo za ndege aliniambia nirudie, nikarudia. Nilipomaliza alichukua barua, akaikunja mwenyewe. Kisha akauliza, "Ana miaka mingapi?"

"Kumi na sita, Babu."

"Na mama yake alikufa lini?"

Nikamwambia ulikuwa darasa la pili. Akauliza tena kama una mwili wa nguvu au ni mwembamba kama mimi. Nikasema sikukuangalia sana.

Nakuandikia maneno yake kama alivyoyasema, maana amekataa niyapange vizuri: "Mwambie nimesikia. Mwambie nimekasirika, na bado nimekasirika, ataikuta hasira yangu hapa akija. Wiki ijayo narudisha mizinga juu kabla nyuki wa mvua za vuli hawajapita, na macho yangu hayanifai juu ya ngazi, na Wesley huyu huogopa. Zamani wasichana hawakusogezwa karibu na mizinga. Zamani pia hapakuwa na keki. Jirani amenirudishia kamba, aje azishike. Avae mikono mirefu, afunge nywele, na asijipake mafuta ya kunukia, nyuki hawayapendi."

Jumatano, asubuhi na mapema. Ukishuka Machakos mjini, Henry atakungoja upande wa gari za Kalama.

Wesley